Blanketi Kwenye Tanga

Tanga lile nililishona mwenyewe, na nililishona vibaya. Naanza na hilo kwa sababu watu wa nyumbani kwangu wanapoisimulia safari yetu ya ziwani huanza na visiwa, maji unayoona mpaka chini na samaki wa kuchoma, na wakifika kwenye tanga husema upepo siku ile ulikuwa mkali. Upepo haukuwa na kosa. Ulifanya kazi yake. Aliyekuwa hajafanya kazi yake ni mimi.

Miaka hiyo nilikuwa na kibanda cha kushonea maturubai Tunduma, karibu na maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Biashara ilikuwa imefunguka, malori yalikuwa mengi kuliko nafasi ya kuyaweka, na kila lori lilikuwa na turubai lililochanika mahali fulani. Nilikuwa na cherehani mbili nzito, sindano za mkono za kila ukubwa, na sifa. Madereva walisema turubai likishonwa na mimi linafika Lubumbashi na kurudi.

Mteja wangu mmoja alikuwa Mfipa wa Kasanga, kule Ziwa Tanganyika. Alikuwa na mashua ya mizigo, na kila aliyemjua alimwita Nahodha. Alikuja Tunduma mara mbili tatu kwa mwaka kununua nyavu na mabati. Siku moja akaniletea tanga kuukuu lililooza, akalibwaga sakafuni.

"Fundi, nataka jipya kama hili."

"Tanga ni turubai lililosimama," nikamwambia. "Niachie hilo la zamani nichukue vipimo."

Akachuchumaa, akanionyesha mishono kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. "Unaona? Kila mahali umepita mara mbili. Usiniachie hata mmoja uliopita mara moja."

Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Lakini wiki ile malori yalikuwa yamepanga foleni, na kwenye turubai la lori mshono mmoja unatosha, maana kamba zinalikandamiza juu ya mzigo na halina pa kwenda. Basi nikashona mara mbili pembeni kote, ambako najua jicho la mwenye kazi huanzia. Katikati, vipande vinapoungana, nikapitisha mara moja. Nahodha alipokuja kulichukua akakagua pembeni, akaridhika, akalikunja.

Malipo yangu tulikubaliana yawe safari. Tangu siku ya harusi nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba nitampandisha chombo, tutembee ziwani kama watu wenye nafasi zao, tusiende kwenye msiba wala kufuata mzigo. Nahodha alikuwa anapeleka mabati Kipili mwezi wa nane, kwa tanga jipya. Akasema tupande, tutalala fukweni, siku ya tatu tutakuwa kwenye visiwa vya huko.

Nikaenda nyumbani nimejaa furaha. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, ungo umesimama mikononi.

"Hii ni ahadi ya kweli," akauliza, "au ni kama ile ya blanketi?"

Hapo inabidi nieleze habari ya blanketi.

Mke wangu ni mtoto wa Isansa, Mbozi. Baba yake alikuwa Mnyiha mkulima wa kahawa, mama yake alikuwa ameolewa pale akitokea Wampembe, kwenye ziwa hilohilo. Katika ukoo wao, mwanamume akioa, yeye na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaingii nyumba moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Huo si uadui, ni heshima. Na heshima hiyo imewekewa mwisho: mkwe akishapeleka blanketi na kuku jike, mama akampa mkono, haya imeondoka. Kuanzia hapo ni mama kama mama mwingine, anaingia kwako na kutoka. Wenzangu walilimaliza jambo hilo mwaka wa kwanza au wa pili wa ndoa. Mimi nilikaa nalo miaka kumi na tisa.

Blanketi nililinunua mapema, la kijivu lenye mistari miwili myekundu. Likakaa juu ya kabati likisubiri nipate nafasi ya kwenda Isansa. Baridi ya Juni ikaja, mtoto wa kwanza alikuwa mchanga, tukalishusha kwa usiku mmoja. Halikurudi juu. Tangu hapo tulikuwa tunalala chini ya blanketi la mama mkwe, na mke wangu alikuwa anajua.

Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na mbele ya marafiki nilipenda kusema kwamba mambo hayo ya kizamani mimi siyafuati. Lakini niliyafuata vizuri sana yaliponifaa. Mke wangu akisema mama anaumwa, twende, nilimjibu, "Nenda wewe. Mimi naingiaje pale? Unajua mila." Nikiombwa kuku, nilikuwa msomi. Nikiombwa safari, nilikuwa mtu wa mila. Baba mkwe alipofariki nilisimama nje ya ua pamoja na wageni. Ilitakiwa mama aje kwetu, kwa mtoto wake wa pekee, na chumba tulikuwa nacho. Asingeweza kuingia nyumba ya mkwe ambaye hajaondoa haya. Akarudi Wampembe kwa kaka yake. Mke wangu alilia, nami nikamnunulia doti ya khanga.

Ndiyo maana aliuliza vile. Nikamwambia hii ni ahadi ya kweli. Akacheka, akaendelea kupepeta. Siku ya kuondoka, nguo ya kwanza kuingia kwenye begi ilikuwa lile blanketi. Nilidhani ni kwa ajili ya baridi ya ufukweni.

Watoto tuliwaacha kwa dada yangu. Barabara ya Sumbawanga ilikuwa bado vumbi, na tuliposhuka kwenye basi tulikuwa kama watu waliolala kwenye mashine ya kusaga. Kesho yake tulipanda pikapu mpaka Kasanga. Kabla ya kufika, barabara ilipoanza kuteremka mlima, ziwa likafunguka chini yetu, na mimi niliyekuwa nimepanga kumwonyesha mke wangu kila kitu nikabaki mdomo wazi. Yeye alikuwa ameshafika kule mara mbili kumwona mama yake.

"Funga mdomo, baba watoto," akaniambia. "Nzi ataingia."

Asubuhi iliyofuata tuliondoka. Upepo wa kusini wa kiangazi unaamka mapema kwenye ziwa lile, nasi tulikuwa tunaelekea kaskazini, kwa hiyo ulitusukuma mgongoni. Nahodha akavuta kamba, tanga likapanda, likabisha mara mbili, kisha likajaa. Mashua yote ikainama kidogo na kuanza kukimbia bila kelele. Nimepanda malori mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kusikia kitu kizito namna ile kikienda kimya namna ile. Na lile lililokuwa linakivuta lilitoka mikononi mwangu.

Kipande kimoja cha tanga nilikuwa nimekikata kwenye turubai la lori, na maneno TANI KUMI yalikuwa bado yanasomeka. Wavuvi tuliowapita waliyaona kutoka mbali.

"Nahodha!" mmoja akapaza sauti. "Lori lako limeingia ziwani!"

"Breki zimekatika!" Nahodha akamjibu.

"Na huyo anayetapika ni utingo?"

Huyo anayetapika nilikuwa mimi. Saa mbili za kwanza tumbo langu lilikataa kabisa mambo ya maji. Mke wangu alikuwa ameketi mbele, miguu inaning'inia nje, maji yanamrukia magotini, anaimba wimbo wa wachuma kahawa wa kwao. Kila nilipoinama alikatiza wimbo, akaniangalia, akaendelea.

"Shemeji," Nahodha akamwambia, "mume wako ni mtu mwema. Anawalisha samaki bila kuwabagua."

"Mwache awalishe. Jioni tutawala wao."

Na tuliwala. Mchana tumbo lilitulia nikaanza kuona tunapopita. Milima inashuka moja kwa moja majini, hakuna tambarare, ila hapa na pale kuna ghuba ndogo yenye mchanga na vibanda vitano sita. Mawe makubwa yamesimama majini, juu ya kila jiwe kuna ndege mmoja kama mwenye nyumba. Nahodha alimwachia mke wangu usukani. Dakika chache za kwanza tulikwenda kama mlevi anayerudi kutoka klabuni, kisha mashua ikanyooka. Nilimtazama mke wangu kwa muda mrefu. Nyumbani nilikuwa nimemzoea akiwa ameinama, juu ya jiko, juu ya beseni, juu ya mtoto. Pale alikuwa amekaa wima, macho mbele, upepo umemvua kilemba, wala hakuhangaika kukiokota. Nikajiuliza ni kitu gani kilinizuia miaka yote hiyo kumleta.

Jioni tulivuta mashua kwenye mchanga. Nahodha alichoma samaki, migebuka wa ziwa lile, tukala na ugali wa muhogo. Yeye akaenda kusalimia watu wa vibanda vya jirani, tukabaki wawili.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "mjomba amekufa tangu mwaka jana."

"Najua. Nilikupa nauli ukaenda kuzika."

"Mama yuko peke yake. Kuni anakata mwenyewe. Masika hii hatakaa peke yake." Alikuwa anasafisha sufuria kwa mchanga, hakuniangalia. "Ama aje kwetu, ama mimi nihamie kwake. Nikihamia, sijui nitarudi lini. Chagua wewe, maana mlango unaofungwa ni wako."

"Tutazungumza tukirudi."

"Tukirudi wapi?" akauliza. Akajifunika blanketi, akalivuta lote upande wake, nikalala na koti.

Siku ya pili tulifika Wampembe mchana. Mke wangu akashuka, akapanda kwa mama yake kulala huko. Mimi, kwa sababu ya mila yangu niliyoilea mwenyewe, nikabaki ufukweni na Nahodha na mabati. Kulipokucha nikamwona mke wangu anateremka, na nyuma yake bibi mdogo wa umbo, amevaa sweta la kiume juu ya kitenge, kikapu kichwani. Nikageukia ziwani haraka.

"Nahodha," nikanong'ona, "yule anakwenda wapi?"

"Kipili. Ana dada yake kisiwani."

"Kwa chombo gani?"

"Fundi, unaona chombo kingine hapa?"

"Mimi siwezi kukaa chombo kimoja na yule mama!"

"Basi shuka," akasema, wala hakuwa na hasira. "Abiria wangu alitoa taarifa tangu mwezi uliopita. Mke wako ndiye aliyetuma barua."

Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa ameshaingia chomboni, anafungua begi. Akatoa blanketi, yeye na Nahodha wakalifunga kwenye kamba kutoka mlingoti mpaka ubavuni, likawa pazia. Mama akakaa mbele ya pazia, mimi nyuma. Ndivyo tulivyoondoka Wampembe.

Kama hujawahi kukaa siku nzima hatua mbili kutoka kwa mtu usiyeruhusiwa kumtazama, nakwambia ni kazi. Akikohoa, nilisikia. Akibadilisha mguu, mashua ilinijulisha. Na kumbe alikuwa msemaji. Kwa heshima hakusema nami. Alisema na Nahodha.

"Nahodha, mwambie mkwe wangu shikamoo yake sijaisikia."

"Fundi, mama anasema hujamwamkia."

"Mwambie mama shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize hali ya kifua. Mwanangu alisema kilimbana mwezi wa sita."

"Mwambie kilipona."

"Mwambie ni kwa sababu alilala amejifunika vizuri."

Mke wangu alikuwa kwenye usukani. Alijifanya anatazama milima, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Karibu na saa sita upepo ukaongezeka. Mashua ikaanza kurukaruka, tanga likakaza. Sauti ikatoka tena mbele ya pazia.

"Nahodha, mwambie mkwe wangu kuna mshono unalia."

Nilijua ni upi. Nilisikia kabla yake, mlio mwembamba kama wa mbu, unatoka katikati ya tanga. Bado nikasema, "Mwambie mama maturubai yangu yanafika Lubumbashi."

"Anasema yanafika Lubumbashi, mama."

"Mwambie yanafika yamelala. Hili limesimama."

Nahodha hakucheka. Alitazama juu kwenye kile kipande cha TANI KUMI, kisha akanitazama mimi. Sikumwambia chochote. Katika makosa ya safari ile, hilo naliweka juu kuliko la sindano. Ilikuwa nafasi ya kusema, "Teremsha tanga, nilipita mara moja tu," tukalishona kwenye maji matulivu nyuma ya jabali. Nikaona aibu mbele ya mke wangu, mbele ya pazia.

Visiwa vya Kipili vikaanza kuonekana mchana, kimoja, viwili, kisha vingi, vya kijani na mawe meupe miguuni, na maji kati yake yana rangi ambayo nimeiona kwenye chupa tu. Mke wangu alipiga vigelegele. Nilikuwa ninainuka nivione vizuri ndipo upepo ulipotoka kwenye mwanya wa milima, tanga likapasuka kwa mlio kama bati linalochanwa. Likafunguka katikati, kutoka juu mpaka chini. Mashua ikapoteza nguvu, ikageuka ubavu, mawimbi yakaanza kutusukuma taratibu kuelekea kwenye mawe ya kisiwa cha kwanza.

Nahodha aliteremsha tanga, akaruka kwenye kasia. "Shemeji, shika usukani, elekeza kwenye mawimbi! Fundi, una nini cha kuziba?"

Sindano na uzi wa nailoni vilikuwa mfukoni, fundi haviachi. Turubai la akiba sikubeba. Na kingo za mpasuko zilikuwa zimefumuka vibaya, haziwezi kuungana bila kiraka kirefu. Nikatazama huku na huku. Mabati, kamba, sufuria.

"Nahodha," mama akasema, sauti haikupanda hata kidogo, "mwambie mkwe wangu kitambaa kikubwa humu ni kimoja tu."

Sote tulijua ni kipi. Nikasema, "Nahodha, mwambie mama nikilifungua hili..."

"Mimi nina kasia!" Nahodha akapiga kelele, jasho linamtoka. "Ambianeni wenyewe!"

Nikamwangalia mke wangu. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, amekaza macho kwenye mawe. Hakunisaidia kwa neno wala kwa jicho. Alikuwa ameniambia chagua wewe, na sasa alikuwa anasubiri.

Nikafungua fundo la kwanza, kisha la pili. Blanketi likaanguka.

Mama alikuwa ameketi pale akinielekea, mikono tayari. Sikujua kwamba mke wangu alirithi paji lile la uso, wala ule mwanya wa meno. Sikujua kwa sababu kwa miaka kumi na tisa sikuwa nimemtazama. Akashika ncha ya blanketi, akalitandaza juu ya mpasuko, akalikandamiza kwa magoti, akaniambia neno lake la kwanza.

"Vuta."

Nikavuta, nikaanza kushona. Alikuwa anajua kazi ya matanga, mtoto wa ziwa yule. Kila nilipofika mwisho wa mkono alikuwa ameshasogeza kitambaa. Nilipomaliza mstari wa kwanza nikataka kukata uzi.

"Mara mbili," akasema.

"Mama, mawe yako karibu."

"Ndiyo maana. Mara mbili."

Nikageuka na sindano, nikarudi. Nilikuwa nimeinamia kazi, na labda ndiyo sababu niliweza kusema. "Mama, hili blanketi ni lako. Nililinunua mwaka ule wa kwanza."

"Najua. Mwanangu aliniambia." Akasogeza kitambaa. "Mmelala vizuri?"

Nilicheka mpaka nikajichoma kidole. Yeye akacheka, na nyuma nikasikia mke wangu anacheka na kulia kwa pamoja, na Nahodha, aliyekuwa anapiga kasia peke yake, akauliza kama watu wa Mbozi huzama kwa furaha namna hii siku zote. Nikamwambia na yeye yaliyobaki. Kwamba katikati nilipita mara moja tu, na nilijua.

"Nilijua tangu saa sita," akasema. "Ulivyonyamaza. Pandisha hilo tanga lako, tutagombana nchi kavu."

Tukapandisha. Tanga la kijani lenye utepe mrefu wa kijivu katikati na mistari miwili myekundu. Upepo ulipita kidogo kwenye sufu yake lakini lilijaa, mashua ikanyanyua kichwa, na yale mawe tukayapita karibu kiasi kwamba niliona kaa mmoja amejibanza kwenye ufa. Mke wangu alituingiza kati ya visiwa yeye mwenyewe. Maji yakatulia ghafla, tukawa tunateleza kwenye kivuli cha miti, watoto wanatukimbilia ufukweni wakisoma TANI KUMI kwa sauti.

Tulipotia nanga sikusubiri hata kubeba kikapu. Nilizunguka kisiwa kizima natafuta kuku jike wa kununua. Kisiwa kile hakikuwa na kuku, wote walikufa kwa ugonjwa wa kideri mwezi uliopita. Nikarudi saa kumi na moja nimekumbatia bata, naye ameninyea shati. Mama alikuwa ameketi nje kwa dada yake. Nikapiga magoti, nikamweka bata mbele yake.

"Mama, kuku wamekosekana."

Akamtazama bata, akanitazama mimi. "Blanketi limetobolewa, kuku ana miguu ya kasia." Akamwambia dada yake, "Huyu ndiye mkwe wangu niliyekuwa nakusimulia. Sasa unaamini?" Kisha akaninyooshea mkono, nami nikaupokea. Ulikuwa mgumu kama wa fundi.

Tulikaa kwenye visiwa siku nne. Mke wangu na mama yake walioga ziwani kila asubuhi kama wasichana. Mimi nililipa deni la mshono: nililifumua tanga lote katikati, nikapita mara mbili, Nahodha amekaa juu ya jiwe ananihesabia. Kile kiraka alikataa nisikitoe. Alisema chombo chake sasa kina historia.

Tulirudi Tunduma watatu. Mama aliingia kwangu kwa mlango wa mbele, akagusa kuta za kila chumba, akachagua kile chenye jua la asubuhi. Alikaa nasi miaka sita. Nilimnunulia blanketi jipya, hakulitumia, alisema lake liko ziwani. Hakupenda kukaa nyumbani, kwa hiyo nilikwenda naye kibandani, akanishikia ncha za maturubai, madereva wakamsalimia yeye kabla yangu. Ilikuwa miaka mizuri kuliko yote ya nyumba yetu. Lakini wajukuu wake wawili wakubwa alikutana nao wakiwa wameshaota ndevu, na hilo hakuna sindano ya kulirudia. Ningeweza kuwa naye miaka ishirini na mitano kwa blanketi moja na kuku mmoja.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake Nahodha alikuja kuagiza tanga jingine. Nililishona siku tatu, sikupokea lori lolote. Nilipomaliza nikalitandaza sakafuni, Nahodha akachuchumaa kulikagua. Mama akamsogeza kwa mkono, akapiga magoti pale juu ya turubai, macho yake yalikuwa yameshafifia, akaanza kupapasa mishono kwa vidole.

Hakugusa pembeni. Alianzia katikati.